Riziki na Madaftari ya Mwalimu Yeremia

Enzi zetu, sisi tuliosoma skuli Msambweni katika miaka ya hamsini, wivu ulikuwa na mahali pake pa kukaa. Haukukaa kwenye viatu, maana karibu sote tulikwenda miguu mitupu na nyayo zetu zilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Haukukaa kwenye chakula, maana ukimwona mwenzio ana muhogo wa kuchoma nawe una wa kuchemsha, mlikata vipande mkabadilishana, mkala kwa chumvi na pilipili, mambo yakaisha. Wivu wetu ulikaa ndani ya madaftari ya Mwalimu Yeremia. Mtoto ambaye jina lake lilikuwamo alitembea shingo juu. Ambaye halikuwamo alirudi nyumbani kumsumbua mama yake akumbuke wimbo mwengine.

Mimi nilikuwa wa kundi hilo la pili.

Mwalimu Yeremia alikuwa mtu wa Rabai, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko kifua chake. Alipoletwa kwetu watu walimtazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu yeye ni Mkristo na sisi ni Waislamu. Lakini alikuwa na adabu. Akipita njiani aliwaamkia wazee wote shikamoo, na mwezi wa Ramadhani hatukumwona akitia hata tone la maji kinywani mbele ya mtu. Alitufundisha hesabu na Kiswahili, na mara mbili kwa wiki, baada ya mapumziko, alitufundisha kuimba.

Kuimba kwenyewe hakukuwa mchezo. Alitundika ukutani kitambaa kikubwa kilichochorwa ngazi ya sauti: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Mfukoni alikuwa na chuma chenye meno mawili kama uma. Alikigonga gotini, akakisimamisha juu ya meza, na meza yote ikalia ng'iii. Alituambia hiyo ndiyo do, tuishike isitutoroke. Kisha akatufundisha ishara za mkono: do ni ngumi, mi ni kiganja kilichotandazwa, la ni mkono uliolegea kama jani lenye kiu, ti ni kidole kinachoonyesha juu. Ishara zile tulizibeba hadi chuoni, tulikosoma Kurani, tukawa tunaimbiana kimyakimya mbele ya Maalim. Siku aliyotugundua aliuliza ni ugonjwa gani huu wa mikono, na bakora yake ikatutibu palepale.

Lakini kilichomtofautisha mwalimu yule na wote waliotufundisha ni tamaa yake ya nyimbo za watoto. Aliamini kwamba mtoto hujifunza muziki kwa nyimbo alizo nazo tayari mdomoni, na akishazielewa hizo, za mbali hazitamshinda. Kwa hiyo alituagiza tulete nyimbo kutoka majumbani: za kubembeleza watoto, za kutwanga, za mdako, za kibe cha kujificha, za kuita mvua na za kuifukuza. Ukileta wimbo, alifumba macho akakusikiliza mara tatu. Halafu alichovya kalamu katika wino, akaandika maneno, na chini ya maneno akapanga herufi zake za do re mi. Mwisho kabisa aliandika umeletwa na nani, binti au mwana wa nani, na nani alimfunza. Madaftari yenyewe aliyafunga kwa uzi mweupe na kuyahifadhi katika sanduku la bati chini ya meza yake, yasiliwe na mchwa.

Mimi nilileta wimbo wa kutwanga. Alisikiliza mstari mmoja tu, akafumbua macho. "Huu tunao, Mwanasha," alisema. "Aliuleta Riziki."

Nikaleta wa kubembeleza mtoto. Huo pia tunao. Nikaleta wa mdako, ule wa kuhesabia vijiwe, nikiwa na hakika kwamba hakuna aujuaye isipokuwa sisi wa upande wa kisima. Mwalimu alifungua daftari akanionyesha. Riziki binti Bakari.

Riziki alikuwa binti wa ami yangu. Baba zetu ni ndugu wa tumbo moja, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa makuti ambao kuku walikuwa wameutoboa. Baba yake, Ami Bakari, alikuwa fundi wa kushona. Kibarazani kwake palikuwa na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, na nguo nyingi za Idi za mji ule zilipitia mikononi mwake. Riziki nami tulilingana umri. Tulinyoana, tukasukana, tukaogeshwa katika beseni moja. Mama yangu alipotaka kunikemea hakuwa na neno jengine ila, "Mwenzio Riziki keshamaliza." Mwenzio Riziki keshafagia. Mwenzio Riziki kesharudi kisimani. Neno lile nililisikia hata nikalichukia, lakini Riziki mwenyewe sikuwa nimeanza kumchukia.

Kilichonigeuza moyo ni sauti yake. Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hakuisikia. Haikuwa kubwa. Ilianza chini, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, kisha ilipanda bila kuonyesha kwamba inapanda, mpaka ukajikuta umeacha unachokifanya. Wanawake waliokuwa wakisuka mikeka walisimamisha vidole. Mimi nilikuwa na sauti safi, ya kutosha, isiyokosea. Mwalimu alinisifu kwamba ninashika do yangu vizuri. Lakini alipoimba Riziki, mwalimu hakusifu; alitazama chini, akavuta pumzi, na kwa muda kidogo alionekana kama amesahau kwamba sisi wengine tuko darasani.

Basi siku moja nikatunga wimbo wangu mwenyewe. Nilitunga nikirudi kisimani, debe kichwani, na kesho yake nikamwambia mwalimu kwamba bibi yangu amenifunza na kwamba ni wa zamani sana. Alifumba macho akanisikiliza mara tatu, kama desturi. Kisha akatabasamu. "Bibi yako ni fundi," alisema. "Maneno ni mapya kabisa, lakini mahadhi ameyaazima kwa Riziki." Darasa likacheka. Riziki pia alicheka, tena bila ubaya, na akanishika mkono. Mkono ule niliuchomoa.

Mwaka huo tukaambiwa kutakuwa na mashindano ya nyimbo ya skuli huko Kwale. Kwa mtoto wa siku hizi Kwale ni safari ya kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Kwetu ilikuwa dunia nyengine: kupanda lori, kupita barabara ya vumbi jekundu, kupanda vilima hadi kwenye miti mirefu na baridi ya asubuhi, na kuonana na maofisa na wake zao. Mwalimu Yeremia alichagua wimbo aliouleta Riziki, ambao alifunzwa na bibi yake mzaa mama. Watoto waliuimba wakikimbia kutoka shambani mawingu yakitanda:

Mvua, nipishe nipite,
mama yuko jikoni,
samaki keshaiva,
mimi ningali njiani.

Ulikuwa mwepesi hivyo. Lakini mwalimu alikuwa ameugawanya sauti mbili, moja ikikimbia na nyengine ikinyesha, na katikati aliacha nafasi ambapo mtoto mmoja aliimba peke yake, wenzake wakimsikiliza. Nafasi ile alimpa Riziki. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi alinipanga nyuma yake, niongoze makofi, kwa sababu nilikuwa na kipimo kizuri cha mapigo.

Tulifanya mazoezi wiki nyingi, na kila nilipopiga makofi yale nilikuwa nikitazama kisogo cha Riziki. Mpaka leo nikifumba macho nakiona: vinyweleo vidogo chini ya ushungi, na shingo ikitikisika anapovuta pumzi.

Siku chache kabla ya safari, mama alinituma kwa Ami Bakari nichukue gauni langu jeupe lililokuwa likishonwa kwa ajili ya Kwale. Nilimkuta peke yake kibarazani, anakata kitambaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha nikae. Alikuwa mpole kwa watoto. Aliniuliza, kwa kunipitishia wakati tu, huko skuli siku hizi tunafunzwa nini.

Sikupanga. Wallahi sikupanga. Lakini neno lilikuwa tayari, kama lilikuwa likingoja mtu aulize.

"Riziki anafunzwa nyimbo za kanisa, Ami. Yeye ndiye mwimbishaji."

Huu haukuwa uongo mtupu, na hapo ndipo palipokuwa na sumu yake. Mwalimu alikuwa na kitabu cha tenzi za kwao, na mara moja alitusomesha ngazi ya sauti kwa mahadhi ya wimbo mmoja wa humo, bila maneno yake, kwa la la la tu. Sote tuliimba. Lakini mimi nilimtaja mmoja.

Ami Bakari aliweka mkasi chini. Hakuuliza jengine. Alilikunja gauni langu vizuri, akalifunga kwa kipande cha khanga, akanipa, akaniambia niwasalimie nyumbani.

Kesho yake Riziki hakuja skuli. Wala kesho kutwa. Siku ya tatu Mwalimu Yeremia alivaa koti lake na kwenda kwa Ami Bakari. Nilijibanza upande wetu wa ua, penye tundu walilotoboa kuku, nikasikiliza. Ami alimkaribisha vizuri, akamtolea kahawa. Mwalimu alieleza kwa utulivu kwamba hajapata kumfunza mtoto yeyote dini isiyokuwa yake, na kwamba wimbo wa Kwale ni wa kwao wenyewe, umetoka kwa bibi yake Riziki. Alisema mtoto yule ana kipaji ambacho yeye, katika miaka yake yote ya kufundisha, hajakutana nacho.

Ami alimwacha amalize. Kisha akamjibu kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi nawe. Lakini aliyeniambia ni Mwanasha, mtoto wa ndugu yangu. Naye hana sababu ya kumsingizia mwenziwe."

Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani. Mwalimu aliaga, akatoka, na alipopita mbele ya ua wetu hakugeuza kichwa, lakini nilijua kwamba sasa anajua.

Riziki hakurudi skuli tena. Na mwalimu, ambaye angeweza kunisimamisha mbele ya darasa, au kunipeleka kwa baba, hakusema kitu. Asubuhi iliyofuata alinitoa safu ya nyuma akaniweka mbele. Alinifunza nafasi ile ya peke yangu, pumzi kwa pumzi, kwa subira ileile aliyomfunzia Riziki. Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Kwale nilivaa gauni jeupe. Palikuwa na skuli nne. Mwanamke mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya ukili alikaa mezani na karatasi zake. Niliimba, sikukosea hata sauti moja. Tukawa wa tatu. Wakati wa kurudi, lori likishuka kilima, mwalimu aliniambia neno moja tu: "Umeimba sawasawa." Hakusema vizuri. Nimefundisha watoto miaka mingi tangu hapo, na nafahamu tofauti ya maneno hayo mawili.

Naam, mimi ndiye niliyekuja kuwa mwalimu. Nilimaliza skuli, nikapelekwa kusomea ualimu, nikarudi kufundisha watoto wadogo, na somo nililojulikana nalo ni nyimbo. Nyimbo zenyewe zilikuwa za Riziki: ule wa kutwanga, ule wa mdako, ule wa mvua. Riziki aliolewa Funzi, ng'ambo ya maji, akazaa, akazika mume. Tulikutana kwenye harusi na matanga, tukapeana mikono, tukaulizana hali. Mara nyingi katika harusi hizo yeye ndiye aliyeitwa kuimbia wanawake. Alikuwa keshasahau do na re za skuli, na ukumbi mzima ulinyamaza. Nami mwenye cheti changu nilikaa kwenye mkeka, wivu ukinichoma kama siku ya kwanza. Mtu hudhani mambo hayo huisha kwa uzee. Hayaishi; huzeeka nawe tu.

Mwaka uliopita akaja binti mmoja kunitafuta. Jina lake Neema, amevaa suruali, ana begi mgongoni, na aliniita shosho, nikamrekebisha kwamba kwetu huku ni bibi. Alinieleza kwamba anafanya kazi katika jumba la kuhifadhi nyaraka Mombasa. Binti wa Mwalimu Yeremia alikuwa amewapa sanduku la bati la marehemu baba yake, na ndani yake mlikuwa na madaftari, kile kitambaa cha ngazi ya sauti, barua alizoandikiana na wakaguzi wa skuli, na picha. Wanayapanga, kila karatasi na nambari yake, ili watu wajue jinsi watoto wa pwani walivyofunzwa muziki zamani. Wanawatafuta walioandikwa mle ambao wangali hai.

Nilivuka Likoni nikaenda. Walinikalisha kwenye chumba chenye baridi ya mashine, wakaniambia ninawe mikono, wakaniletea madaftari juu ya mto mdogo kama mtoto mchanga. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Nilipekua polepole, na kila ukurasa wa pili au wa tatu nikakutana naye: Riziki binti Bakari. Pembeni mwa jina hilo mwalimu alikuwa ameandika mambo mengi, hata mahali anapovuta pumzi. Mahali pengine aliandika, "Sikumfunza hapa, yeye amenifunza."

Langu nililipata mara mbili. Ukurasa mmoja: "Mwanasha, makofi, kipimo kizuri." Na chini ya wimbo wa mvua, mistari mitatu: "Umeletwa na Riziki binti Bakari. Uliimbwa Kwale na Mwanasha. Riziki hakuja."

Basi. Nilikuwa nimejiandaa kusomewa hukumu yangu kwa maandishi yake, na hakuandika hukumu yoyote. Ningependa kuwaambia kwamba nililia kwa majuto. Lakini nimeshafika umri wa kusema kweli: jambo la kwanza nililolihisi, nikiwa nimekaa pale na miwani yangu, ni wivu. Kurasa zote zile ni zake, nami nina makofi. Majuto yalikuja baadaye, nikiwa juu ya feri, na yalipokuja hayakuondoka.

Neema alikuwa anataka kumrekodi Riziki. Nikamwambia nitampeleka, lakini niingie mimi kwanza. Tulivuka kwa mashua kutoka Bodo hadi Funzi adhuhuri. Nikamwacha Neema kwa majirani, nikamkuta Riziki uani kwake, anachambua mchele kwenye uteo, mgongo umepinda, meno machache. Tukaamkiana kwa kirefu, kama ilivyo desturi. Nikamtolea nakala za kurasa zile nikamsomea, maana kusoma kulikuwa kumemtoka kitambo. Alisikiliza kila neno la mwalimu kuhusu sauti yake. Nilipofika kwenye "Riziki hakuja", alisimamisha uteo.

"Sikujua kwamba aliniandika hivyo," alisema. "Baba hakunieleza hata siku moja kwa nini alinitoa."

Nikamweleza mimi. Nilimwambia yote: cherehani, mkasi, neno nililolitamka, tundu la ua. Sikujipamba. Alinitazama muda wote, na nilipomaliza akaweka uteo chini, akainuka kwa kujizoazoa, akaingia jikoni. Nikasikia anasugua sufuria. Alisugua muda mrefu, mpaka nikaanza kujiuliza kama ana sufuria nyingi hivyo. Kisha akatoka, akajifuta mikono kwa leso, akasimama mlangoni.

"Na mlishinda?"

"Tulikuwa wa tatu."

"Skuli zilikuwa ngapi?"

"Nne."

"Wimbo wangu," alisema, "wewe umenitoa skuli kwa ajili yake, kisha ukaufanya wa tatu kwa skuli nne."

Sikujua kama nicheke au nilie, na yeye uso wake haukunisaidia. Nikamwomba radhi. Nilitumia maneno yote tuliyofunzwa na wazee wetu ya kuombea radhi. Akasema, "Leo sitaweza, Mwanasha. Rudi Ijumaa."

Nikarudi Ijumaa. Akanipikia samaki wa nazi na wali, tukala, tukazungumza habari za marehemu wetu, na alipokuwa ananisindikiza akasema tena, "Rudi Ijumaa." Sasa ni miezi mingi, na karibu kila Ijumaa, baada ya swala, navuka kwenda Funzi. Bado hajanitamkia neno nililokwenda kulitafuta, nami nimeacha kulidai. Neema amemrekodi nyimbo zote anazozikumbuka, na nyengine ambazo hata mwalimu hakuzipata. Sauti imekatika vipande, pumzi haitoshi mstari mmoja. Hata hivyo Neema huzima feni ili asikose chochote. Mimi huitikia na kupiga makofi. Kipimo changu kingali kizuri.

Watoto wa siku hizi, Mungu awaweke, nawaonea wivu kuliko nilivyomwonea Riziki, na sifichi. Hawachoti maji wakitunga nyimbo. Nyimbo huwajia kiganjani zikiwa zimeshapikwa, na wao hutikisa kichwa tu na vijiuzi masikioni, ukiwaita hawasikii. Ukumbi wa harusi hauwanyamazishi, hata mwimbaji akiwa na sauti ya malaika. Kila mmoja ameinua simu yake anarekodi, na sijui nani atakayesikiliza. Wana kinanda cha umeme skulini, wana walimu wa sauti huko Diani wanaowafunza watoto wa wenye nafasi. Hakuna baba anayewatoa darasani kwa sababu ya la la la. Enzi zetu wimbo ulikuwa na mwenyewe, ulikuwa na mama yake na bibi yake, na ukiutoa kinywani, kama neno lolote, umetoka, haurudi.

Ijumaa iliyopita kitukuu cha Riziki, msichana wa miaka kama kumi na mmoja, alikaa katikati yetu na simu ya mama yake. Alitaka ajirekodi akiimba wimbo wa mvua. Akaanza, akakosea mstari wa tatu, akacheka. Akagusa kioo kwa kidole, akakifuta chote alichokiimba, kama vile hakikupata kusemwa, akaanza upya. Riziki alikuwa akimtazama mtoto usoni. Mimi nilikuwa nikikitazama kile kidole, na nilimwonea wivu mtoto yule mpaka nikageuza uso.